Maili na Saa: Mwendo wa Kutoka London hadi Njombe

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mwendo. Sikusudii kuwasimulia mambo ya nchi za mbali ili mstaajabu tu, kisha mwende zenu. Nataka tupige hesabu moja pamoja, hesabu ambayo kila nyumba yenye mtoto aliye ng'ambo itaihitaji siku moja. Tena yaweza kuihitaji katika siku ya huzuni.

Kwanza sikilizeni jambo hili, ambalo mara nyingi hutokea katika vijiji vyetu. Mzee amefariki dunia. Mwanawe mmoja yuko London, anafanya kazi huko. Amepigiwa simu usiku ule ule, akalia, akasema, "Nakuja. Nisubirini." Asubuhi yake watu wameketi uani. Mmoja auliza, "Ndege kutoka Ulaya hadi Dar es Salaam huchukua saa ngapi?" Mwingine ajibu kwa yakini, "Saa kumi tu." Basi jioni ikafika, na kijana hakuonekana. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Huyu asema, "Amekwisha kusahau kwao." Yule asema, "Angalikuwa na uchungu angalifika jana." Siku ya pili wazee wakakata shauri, wakazika. Siku ya tatu kijana akafika, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akalikuta kaburi jipya. Yeye akawaona ndugu zake hawana huruma. Ndugu zake wakamwona hana mapenzi. Ugomvi ukaingia katika nyumba, na pengine haukutoka tena.

Wasikilizaji wangu, katika habari hiyo hapana mtu mwovu. Lililopotea ni hesabu. Watu walihesabu saa za ndege, wakasahau saa za safari. Basi leo na tuhesabu vizuri.

Kila fundi huanza kwa kutafuta kipimo. Nikiwaambia kilomita 7,500, maneno hayo yatapita masikioni mwenu kama upepo, kwa sababu hapana mtu aliyepata kuziona kilomita 7,500 zimelala mbele yake. Lakini mwendo wa kutoka Makambako hadi Njombe mwaujua. Mwaijua njia panda ya Makambako, pale barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia inapoachana na barabara ya Njombe na Songea, na pale reli ya TAZARA inapopita. Mwazijua baridi na ukungu, vilima vya majani, mashamba ya viazi na misitu ya miti ya kupandwa, mpaka mtu aingiapo mjini Njombe. Mwendo huo ni kadiri ya kilomita 60, yaani maili 37. Tuuite "kipimo kimoja", na tuutumie kupimia dunia.

Kwa miguu, mtu mwenye afya akiondoka Makambako asubuhi na mzigo wake mdogo, atalala njiani usiku mmoja, naye atafika Njombe jioni ya siku ya pili. Kipimo kimoja, siku mbili. Kwa basi, tuseme kipimo kimoja ni saa moja, maana njiani kuna vituo vya kushusha na kupakia. Kwa ndege kubwa ya abiria iliyokwisha kupanda juu, ambayo huenda kadiri ya kilomita 900 kwa saa, kipimo kimoja ni dakika 4. Dakika nne! Mama aliyeinjika maji ya chai motoni ndege ilipokuwa juu ya Makambako, ndege itakuwa imekwisha kupita juu ya Njombe kabla maji hayajachemka.

Sasa andikeni namba mbili. Kutoka Dar es Salaam hadi Njombe kwa barabara ni kilomita 700 na kitu, nasi tutaziita vipimo 12. Kutoka London hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyoka, ni kadiri ya kilomita 7,500, yaani vipimo 125. Kumbukeni 12 na 125, tutazirudia baadaye.

Kabla ya kuendelea, na tutazame nyuma kidogo, tuone jinsi wazee wetu walivyoujua mwendo. Katika siku za ukoloni, vijana wengi wa Ubena walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na mengi ya mashamba hayo yalikuwa upande wa Tanga na Morogoro. Watu waliwaita manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Mwanzoni wengi walikwenda kwa miguu, majuma mengi njiani. Baadaye, tangu wenye mashamba walipounda ofisi yao ya kuandika wafanya kazi mwaka 1944, iitwayo SILABU, wengi walichukuliwa kwa malori. Baba akifa Njombe, mwana aliyeko Tanga alipata habari kwa barua au kwa kinywa cha mtu aliyetoka nyumbani, na pengine majani yalikuwa yamekwisha kuota juu ya kaburi. Lakini angalieni: hapana mtu aliyemlaumu. Kwa nini? Kwa sababu wazee walioketi matangani walikuwa wameipita njia hiyo wenyewe kwa nyayo zao. Waliujua umbali kama mtu ajuavyo mzigo alioubeba kichwani.

Sisi wa leo hatuujui umbali kwa nyayo. Twausikia tu katika simu ya mkononi. Sauti ya kijana aliyeko London yafika Njombe kabla hajafunga mdomo, nasi twadhani mwili wake nao waweza kufika vivyo hivyo. Sauti haina mzigo, wala haionyeshi paspoti, wala haingoji basi.

Haya, sasa tuje kwenye ndege. Wazee wetu wengine waliziita eropleni, na nchi yetu ilikuwa katika njia yake tangu zamani. Tarehe 20 Januari 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari ya kupeleka barua kwa ndege kutoka London mpaka Cape Town, mwisho wa Afrika upande wa kusini. Katika nchi hii, ambayo siku hizo iliitwa Tanganyika, ndege hizo zilitua Moshi, zikatua Dodoma, zikatua Mbeya, kisha zikaendelea kusini. Mbeya si mbali na hapa Makambako. Ni kadiri ya vipimo vitatu hivi. Mwendo wa ndege za siku zile haukuwa mkubwa: kilomita 160 kwa saa, au zaidi kidogo. Petroli yake ilikwisha upesi, kwa hiyo zilitua mara nyingi. Wala hazikupenda kuruka gizani, kwa hiyo jioni abiria walishuka wakalala. Mahali pengine waliiacha ndege kabisa, wakapanda gari la moshi. Safari nzima, London hadi Cape Town, ilichukua siku 11 hivi. Watu wa zama zile waliona ni mwujiza, kwa kuwa meli ilihitaji majuma kadha wa kadha. Mwaka 1937 zikaja ndege za kutua majini, nazo zilishika njia ya pwani, zikitua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, mpaka Durban.

Leo ndege iondokayo London jioni hufika Cape Town asubuhi yake, bila kutua popote, mwendo wa saa 11 na nusu hivi. Siku 11 zimekuwa saa 11. Hayo ndiyo mambo yaliyofanyika katika maisha ya mtu mmoja mzee.

Sasa tuipime njia ya kwetu. Tulisema London hadi Dar es Salaam ni vipimo 125, na ndege hupita kipimo kimoja kwa dakika 4. Vijana wa shule, zidisheni: 125 mara 4 ni 500. Dakika 500 ni saa 8 na dakika 20. Lakini mtu aliyepanda ndege ya moja kwa moja katika njia hiyo, siku ilipokuwapo, hakufika kwa saa 8 na dakika 20. Alikaa hewani saa tisa na zaidi. Je, hesabu yetu ina kosa?

Haina kosa, ila yahitaji kuongezewa mambo matatu. Jambo la kwanza, ndege haishiki mwendo wa kilomita 900 mara inapoacha ardhi. Huanza polepole, hupanda kwa muda wa nusu saa hivi mpaka kufika kilomita 10 au 11 juu, penye hewa nyepesi isiyoizuia sana. Na kabla ya kutua hupunguza mwendo tena, ikishuka kidogo kidogo. Jambo la pili ni upepo. Ndege ikisukumwa mgongoni na upepo huwahi, na ikipigwa usoni huchelewa, kama mtu apandaye baiskeli katika uwanda wa Makambako. Jambo la tatu, njia ya hewani haikunyoka kama uzi. Ndege huikwepa tufani, huzifuata njia zilizowekwa, na huzunguka nchi zenye vita. Vita vya Sudan vilipoanza mwezi wa Aprili mwaka 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege nyingi zilizotoka Ulaya kuja Afrika ya Mashariki zililazimika kupita kando. Kwa hiyo vita ya watu walio mbali huweza kumchelewesha mtoto wa Njombe asimwone baba yake.

Na mstari ulionyoka ni upi, maadamu dunia ni mviringo? Mwalimu, twaa chungwa na uzi. Tia alama moja juu, uiite London. Tia nyingine chini upande wa kulia, uiite Dar es Salaam. Nyosha uzi juu ya ganda kutoka alama hii hata ile, uukaze sana. Hapo ulipolala uzi ndipo penye njia fupi. Katika ramani ya ukutani njia hiyo huonekana imepinda, kwa sababu karatasi ni bapa na dunia si bapa. Ukiufuata uzi wa London na Dar es Salaam, utaona kwamba haupiti mbali sana na mji wa Addis Ababa, katika Uhabeshi. London hadi Addis Ababa ni kadiri ya kilomita 5,900; Addis Ababa hadi Dar es Salaam ni kadiri ya kilomita 1,760. Jumla ni karibu kilomita 7,700. Mtu apitaye huko amezidisha kilomita 200 tu. Lakini apitaye Doha, katika nchi za Waarabu, hufanya jumla ya kilomita 9,000 na kitu. Amezidisha kilomita 1,500 na zaidi, ambazo ni kama kutoka Njombe kwenda Dar es Salaam na kurudi.

Nataja miji hiyo kwa sababu ndege ya moja kwa moja ya British Airways, iliyounganisha London na Dar es Salaam, iliacha njia hiyo mwaka 2013. Tangu hapo wasafiri wetu wamezoea kubadili ndege njiani: huyu Addis Ababa, huyu Nairobi, huyu Doha, huyu Dubai, huyu Istanbul, huyu Amsterdam. Na kila mahali pa kubadili ndege ni mahali pa kungoja. Wahenga walisema kweli: msafiri maskini ajapokuwa sultani. Aliyeketi katika kiwanja cha ndege cha kigeni hana analoweza kuamuru. Hutazama saa ukutani, akangoja kuitwa.

Hiyo saa ya ukutani nayo yataka elimu yake. Jua halitoki London wakati mmoja na Njombe. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa kila saa, na nchi zetu ziko mashariki ya London. Kwa hiyo saa zetu hutangulia zao kwa saa tatu wakati wa baridi yao, na kwa saa mbili kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba, wanapozisogeza saa zao mbele. Kijana akisema kwa simu, "Ndege yaondoka saa tatu usiku," muulize: saa tatu ya wapi? Kama ni saa tatu ya London katika mwezi wa Januari, kwetu Njombe ni saa sita usiku, na tarehe yataka kugeuka.

Nitawaongezea jambo moja dogo kwa ajili ya vijana. Saa ya Afrika ya Mashariki imewekwa kwa jua la nyuzi 45, nazo ziko mashariki ya nchi yetu, upande wa Somalia. Njombe iko karibu na nyuzi 35. Kwa hiyo jua la Njombe huchelewa kwa kadiri ya dakika 40 kuliko saa ya mkononi. Simikeni kijiti katika uwanja wa shule, mtazame kivuli. Mtaona kwamba saa sita ya saa siyo saa sita ya jua. Mkifanya hivyo mtaelewa kwamba saa ni mapatano ya watu, na kwamba msafiri hutoka katika mapatano haya na kuingia katika mapatano mengine.

Sasa tumekwisha kupata vyombo vyote vya kazi. Na tumsafirishe kijana wetu, tangu apatapo habari mpaka afikapo mlangoni kwao. Tuseme ni mwezi wa Januari. Huko London ni baridi kali, na huku Njombe mvua zanyesha.

Jumatatu, saa mbili usiku kwa saa ya Njombe, simu yapigwa. Kwake London ni saa kumi na moja jioni, naye yuko kazini. Usiku ule ule kuna ndege ya saa tatu, lakini yampasa awe kiwanjani saa tatu kabla, yaani saa kumi na mbili jioni. Amebakiwa na saa moja ya kuomba ruhusa, kutafuta fedha za tikiti, kwenda nyumbani kuchukua paspoti, na kuvuka mji mkubwa kuliko yote ya Uingereza. Haiwezekani. Basi atapanda ndege ya Jumanne, saa tatu usiku ya London, ambayo ni saa sita usiku ya kwetu, usiku wa kuamkia Jumatano.

Tuseme anakwenda saa 7 na nusu mpaka Addis Ababa. Anafika Jumatano, saa moja na nusu asubuhi. Saa ya Uhabeshi ni sawasawa na ya kwetu. Anangoja saa tatu. Saa nne na nusu ndege ya pili yaondoka, nayo yachukua saa 2 na dakika 45. Anatua Dar es Salaam saa saba na robo mchana.

Sasa huku nyumbani mtu asema, "Amekwisha fika!" La, hajafika, amefika pwani tu. Apita Uhamiaji, angoja mzigo wake, apita forodha. Apanda gari mpaka kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi, akivuka mji wenye magari mengi kama siafu. Jioni imekwisha kuingia. Hapo zamani, mabasi yalipokuwa yamekatazwa kusafiri usiku, ingempasa kulala Dar es Salaam, apande basi alfajiri ya Alhamisi, afike Njombe jioni. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kwenda usiku, kwa hiyo aweza kupanda basi la saa moja usiku. Apita Morogoro, apita mbuga ya wanyama ya Mikumi, apanda mlima wa Kitonga nyuma ya malori yaendayo kama kinyonga, apita njia ya Iringa, apita Mafinga, na karibu na mapambazuko aiona njia panda ya Makambako. Kimebaki kile kipimo chetu kimoja. Saa moja asubuhi, siku ya Alhamisi, ashuka Njombe mjini. Kisha kuna njia ya udongo mpaka kijijini, na mvua imenyesha. Tumpe saa mbili. Afika mlangoni saa tatu asubuhi.

Vijana, hesabuni. Tangu Jumatatu saa mbili usiku hata Alhamisi saa tatu asubuhi ni saa ngapi? Ni saa 61. Na katika saa hizo 61, alikaa hewani saa ngapi? Saa 7 na nusu, na saa 2 na dakika 45. Jumla saa 10 na robo. Yule mtu wa matangani aliyesema "saa kumi tu" hakusema uongo. Alisema kweli iliyo sehemu moja ya sita.

Angalieni tena zile namba zetu mbili, 12 na 125. Ndege mbili zilimpitisha vipimo 125 na zaidi kidogo kwa saa 10 na robo. Basi lilimpitisha vipimo 12 kwa saa 12. Na toka Dar es Salaam hata mlangoni kwao alitumia saa 14 barabarani, ambazo ni nyingi kuliko saa alizokaa hewani toka London. Kwa maili, London ni mbali. Kwa saa, sehemu ndefu ya safari imo ndani ya nchi yetu wenyewe.

Mtu ataniuliza, "Hapana njia fupi?" Ipo mara nyingine. Kwa mstari ulionyoka, Dar es Salaam na Njombe zaachana kwa kilomita 560 tu. Lakini kiwanja cha ndege cha Njombe ni kidogo, hakipokei ndege kubwa zitokazo ng'ambo. Aliye na fedha aweza kuchukua ndege ya ndani kutoka Dar es Salaam mpaka kiwanja cha Songwe, karibu na Mbeya, kilichofunguliwa mwaka 2012. Hewani ni saa moja na kitu. Kutoka Songwe ashike barabara kurudi Makambako na kushuka Njombe, kadiri ya kilomita 250, kama vipimo vinne na zaidi. Akiiwahi ndege hiyo atapunguza saa kadha. Asipoiwahi, atalala Dar es Salaam mpaka siku ya pili, na yule aliyepanda basi atamtangulia kufika.

Basi, tufanye nini na elimu hii? Nina maneno kwa watu wa pande mbili.

Ninyi mlio nyumbani, mpigapo simu kwa ndugu aliye ng'ambo, msimwulize, "Ndege ni saa ngapi?" Swali hilo halina faida. Mwulizeni mambo manne, na mtu mmoja ayaandike katika karatasi. Kwanza: ndege yaondoka siku gani na saa ngapi, na saa hiyo ni ya wapi? Pili: atabadili ndege mji gani, na atangoja muda gani? Tatu: atatua Dar es Salaam saa ngapi kwa saa yetu? Nne: toka hapo atapanda chombo gani, na chombo hicho chaondoka lini? Majibu hayo manne yakipatikana, kijana wa darasa la saba aweza kuwatajia wazee saa ya kufika kwake, na wazee wakakata shauri lao juu ya maziko wakijua wanalolifanya. Pengine watasema, "Tutangoja." Pengine watasema, "Hatuwezi. Watu wametoka mbali, chakula cha msiba chapungua." Shauri ni lao. Lakini shauri lililokatwa kwa hesabu ya kweli haliachi chuki nyuma yake.

Nanyi mlio ng'ambo, maana najua karatasi kama hizi hutumwa hata huko: msiseme, "Nakuja, nisubirini," mkanyamaza. Neno hilo ni tamu, lakini humwacha mama yenu akitazama njia tangu asubuhi hata jioni. Semeni, "Nitafika Alhamisi, saa tatu asubuhi, kama basi halitakwama." Na kama haiwezekani kuwahi, semeni mapema, waambieni wazee wazike, nanyi mje kuomboleza baadaye. Hapana aibu katika jambo hilo. Wale manamba wa zamani walifanya hivyo. Walikuja baada ya miezi, wakaketi kaburini, wakapokelewa kama watoto wa nyumba.

Wasikilizaji wangu, ndege imeifanya dunia kuwa ndogo, lakini haikuifanya kuwa ndogo kila mahali kwa kadiri moja. Bahari na jangwa twavipita tukiwa tumelala usingizi. Kisha twaja kuamka katika mlima wa Kitonga, nyuma ya lori lililobeba mbolea. Kesho mkipita njia ya Makambako na Njombe, itazameni vizuri. Mhesabuni mtu aendaye kwa miguu, na basi, na ule mstari mweupe wa ndege ipitayo juu kabisa mbinguni. Wote watatu wanapita kipimo kimoja: huyu kwa siku mbili, hili kwa saa moja, na ile kwa dakika nne. Na msafiri wenu atokaye mbali huwa katika hali hizo zote, moja baada ya nyingine, mpaka aione moshi wa jiko la mama yake.

Basi, mngojeni kwa hesabu, msimngoje kwa hasira. Kwa herini.